Bi Mkubwa wa Ghorofa ya Tatu

Paka aliingia katika ofisi ya bima asubuhi ya mvua, ndani ya mkoba wa karani wa masijala, kichwa nje na masikio nyuma, kama mteja aliyekuja kudai haki yake. Karani alikuwa amemkuta kwenye mtaro nyuma ya maegesho, maji yakimfika kifuani. Alikuwa wa kijivu, sikio moja limechanika, na tumbo lilimtangulia kila alikokwenda.

Karani huyo ofisi nzima ilimwita Spika. Ilikuwa kejeli, maana sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba ili kumsikia ilibidi uzime feni. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini cha Spika kilikuwa bado hakijaonyesha dalili yoyote ya mshindo. Siku hiyo alimkausha paka kwa sweta yake, akamlaza kwenye boksi nyuma ya kabati la mafaili, akamsihi anyamaze. Paka hakuwa na tabia za Spika. Saa nne haijafika, bosi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Nini kinalia humu?"

Spika alifungua mdomo. Paka akamjibia.

Bosi alikuwa na msemo wake, "Sisi hapa ni familia," na kila alipoutoa watu walishika kilicho karibu wasianguke, kwa sababu habari mbaya ilikuwa nyuma yake. Sisi hapa ni familia, kwa hiyo mwaka huu hakuna nyongeza. Sisi hapa ni familia, kwa hiyo Jumamosi tutakuja kazini. Ila wiki ile wateja walikuwa wameichamba kampuni mitandaoni, eti ina moyo wa jiwe. Bosi alimtazama paka, akalitazama tumbo, kisha akamtazama katibu muhtasi, ambaye simu yake ilikuwa tayari mkononi.

"Maskini, mjamzito," bosi alisema, kwa sauti laini ambayo hakuna aliyejua anayo. "Sisi hapa ni familia. Atabaki."

Watu wakasubiri habari mbaya. Haikuja.

Picha ya bosi akiwa amembeba paka kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa nepi ya mtoto wa jirani, ilisifiwa na watu wasiohesabika. Jioni hiyohiyo paka alipandishwa cheo. Alihamishiwa ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha bosi cha mapumziko, chenye kiyoyozi na sofa ambalo bosi alilitumia kila baada ya chakula cha mchana kwa kutafakari. Tafakari zile zilisikika hadi uhasibu. Mhasibu, aliyekataa kwa miaka miwili kununua balbu ya choo, aliidhinisha samaki bila kuuliza swali, na ndiye aliyempa paka jina la Bi Mkubwa. Viatu vya visigino vikapigwa marufuku kwenye korido ile. Mlangoni likabandikwa tangazo lenye picha ya paka: *Mama mjamzito. Tembea polepole. Asipandishwe ngazi.*

Maziwa ya Bi Mkubwa yalipandishwa ngazi na mhudumu wa chai.

Lifti ilikuwa imekufa tangu enzi za bosi aliyepita, na jiko lilikuwa chini kabisa. Mhudumu alipanda na birika, akashuka na vikombe, akapanda na maziwa. Na yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Haikuwa siri, mimba ya miezi saba haifichiki nyuma ya trei. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia waziwazi: ya kwanza ilitoka, na presha ikiendelea hivi hata hii itatoka, kwa hiyo akae, miguu juu. Alipokwenda kwa bosi kuomba kazi ya kukaa, alijibiwa kwamba sisi hapa ni familia, lakini mimba si ugonjwa, na utaratibu wa kukaa haupo.

Spika alimkuta ameegemea ukuta kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, trei iko juu ya ngazi. Viatu amevivua, miguu imeumuka kama maandazi.

"Dada, nipe hiyo trei."

"Sema tena, mdogo wangu, nimesikia upepo."

"Nipe trei."

"Ukikutwa nayo watasema nimekugeuza kibarua wangu." Alicheka, akakunja uso. "Wanasema mpanda ngazi hushuka. Mimi sipati hata nafasi ya kushuka vizuri. Ningezaliwa na mkia, mwenzio, saa hizi ningekuwa nimelala kwenye kiyoyozi naletewa samaki."

"Umemwambia tena bosi?"

"Nimwambie mara ngapi? Mwambie wewe, si ndiwe Spika."

Alisema kwa utani, lakini usiku kucha utani ule ulimchoma Spika kama mwiba wa samaki. Kwenye mkutano wa Ijumaa alikaa kiti cha mbele. Ajenda ya kwanza ilikuwa mto wa Bi Mkubwa: uwe wa pamba au wa sponji. Mjadala ukapamba moto. Mhasibu alitetea pamba. Katibu alisema sponji inapendeza pichani. Spika alinyoosha mkono, akasimama, akasema kuna mtu mwingine katika jengo hili anayehitaji mto.

"Anasema nini?" bosi aliuliza.

"Nadhani anaunga mkono sponji," katibu akajibu.

Spika akakaa. Masikio yalimwaka hadi saa ya kutoka.

Jumatatu akaletwa daktari wa mifugo, mzee mwenye mikono mikubwa iliyozoea ng'ombe. Ofisi nzima ilimzunguka Bi Mkubwa kama wakwe. Daktari alimpapasa tumboni taratibu, akasema siku zake zimekaribia, na kwamba umati huu ndio utakaomuua. Anataka boksi, giza kidogo, utulivu, na mtu mmoja tu anayemwamini, akae karibu naye.

"Amemzoea nani?" daktari aliuliza.

Kila mtu alijua. Bi Mkubwa hakuwa na habari na yeyote isipokuwa Spika. Akisikia tu hatua zake koridoni alianza kunguruma. Spika mwenyewe alikuwa akihesabu saa mpaka muda wa kumpelekea chakula. Lilikuwa jibu tamu, na lilikuwa la kweli.

Mhudumu aliingia wakati huo na maziwa, akihema.

"Dada," Spika alisema. "Amemzoea dada." Na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya kwa ajili ya paka, safari hii wote walisikia.

Mhudumu alimkodolea macho. Daktari alimtazama Spika, akatazama kucha za paka zilizokwisha kunasa kwenye sketi ya Spika, kisha akateremsha macho hadi kwenye miguu ya mhudumu. Akakohoa.

"Basi huyo ndiye akae naye," alisema. "Akae, nimesema. Miguu juu ya kitu. Paka akimwona mtu anapanda na kushuka, naye hatulii."

"Lakini nani ataleta chai?" mhasibu aliuliza.

"Mimi," Spika alisema.

Bosi hakufikiri hata dakika. Utaratibu wa kukaa, uliokuwa haupo, ukapatikana.

Uongo, hata wa huruma, una njaa, lazima ulishwe. Kesho yake Bi Mkubwa alishuka ghorofa zote tatu na tumbo lake, akaja kujilaza masijala. Mhasibu alimrudisha juu mikononi huku akinung'unika kwamba huyu si paka wa dada, huyu ni paka wa Spika, na kama ni hivyo dada arudi kwenye birika. Spika akaona mchezo unamwishia mikononi.

Akafunga mlango wa masijala. Paka alipokuja tena, alikwaruza mlango, akalia, akasubiri, akalia. Upande wa pili Spika alikuwa ameketi sakafuni, vidole masikioni, machozi yakimtoka juu ya faili la madai ya moto. Mchana alimpelekea mhudumu ile sweta ya siku ya mvua.

"Jifunike miguuni, dada. Ina harufu yangu."

"Na wewe?"

"Mimi nitamwona akishazaa."

Ilichukua siku kadhaa. Mwishowe Bi Mkubwa aliinusa sweta, akaikanyagakanyaga, akajilaza juu ya ile miguu iliyovimba, na hakushuka tena. Chini, Spika alikuwa akipika chai ambayo mhasibu aliifananisha na maji ya kuoshea brashi. Juu, miguu ya mhudumu ilianza kurudi katika umbo lake.

Uchungu ulimshika Bi Mkubwa asubuhi moja, simu zikiwa bize. Katibu alikimbilia mlangoni na simu yake ikirekodi. Mhudumu alimzuia bila kunyanyuka.

"Funga mlango, mama. Ungependa wewe?"

Mlango ukafungwa. Mchana ulipofunguliwa, boksini mlikuwa na vitoto vinne vilivyolowa, na mama yao akivilamba. Ofisi nzima ilijaa koridoni. Spika alikuwa nyuma yao na trei, akichungulia kwenye nafasi kati ya mabega.

"Sisi hapa ni familia," bosi alianza, na watu wakashika kilicho karibu. "Kwa kuwa Bi Mkubwa amejifungua salama, tunamshukuru dada kwa ulezi. Sasa arudi kwenye birika. Wageni wa saa nane watahitaji chai, tena ya kunyweka."

Mhudumu alianza kuvitafuta viatu vyake.

"Bado," mtu alisema.

Vichwa vikageuka. Ilibidi waangalie mara mbili.

"Bado nini?" bosi aliuliza.

"Akae mpaka ajifungue." Spika alipenya kati ya mabega na trei yake, na sauti haikutetemeka.

"Si ameshajifungua?"

"Huyu mwingine."

Bosi aliinama, akamtafuta paka wa pili chini ya sofa. Hakumwona. Alipoinuka, macho yake yalikutana na tumbo la mhudumu, akalitazama kama kitu kilicholetwa asubuhi ile na tarishi.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nane sasa, bosi," mhudumu alisema. "Nilikuja kwako. Ukasema si ugonjwa."

Bi Mkubwa, aliyechoshwa na kelele, alimng'ata mtoto mmoja shingoni, akapanda sofani, akamtua mapajani mwa mhudumu. Akashuka kumfuata wa pili. Mhudumu alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Samahani, bosi. Siwezi kuinuka. Nina watoto."

Simu ya katibu ilikuwa inarekodi tena. Bosi aliiona. "Sisi hapa ni familia," alisema, kama mtu aliyesahau kinachofuata. "Akae."

Alikaa mpaka alipokwenda kujifungua, na mtoto alikuja kwa wakati wake, akilia kwa sauti ya kutosha. Siku mhudumu alipoanza likizo, Bi Mkubwa naye alihama. Alivishusha vitoto kimoja kimoja, ngazi kwa ngazi, hadi masijala, akavipanga nyuma ya kabati la mafaili. Mlango ulikuwa wazi.

Bosi alikuja kuchungulia. "Wamerudi huku? Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu," Spika alisema, paka mapajani. "Sisi hapa ni familia, bosi."

Bosi alishika fremu ya mlango, akasubiri habari mbaya.

"Kwa hiyo lifti itengenezwe kabla dada hajarudi."