Kura Moja ya Bondeni

Mtaa ule wote ulikuwa wa watu wa mlimani, isipokuwa mtu mmoja tu: Fundi, mwanamke mshona nguo, mtu wa bondeni aliyeletwa pale na ndoa miaka kumi na tisa iliyopita. Walikuwa wameshamzoea. Waliwasema vibaya watu wa bondeni mbele yake, kisha wakamwambia, "Wewe si wao bwana, wewe ni wetu." Naye akacheka. Angefanyaje?

Siku ya uchaguzi alimpeleka mama mkwe wake kupiga kura shuleni. Yule bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na sheria inamruhusu asiyeona kuja na mtu wa kumwekea alama, mradi mtu huyo aape kwamba hatasema. Fundi akaapa mbele ya msimamizi, akatia sahihi fomu, wakasimama wawili nyuma ya kile kiboksi cha karatasi ngumu. Akainama amsomee majina ya wagombea. Bibi akamkatiza.

"Niwekee wa bondeni."

Fundi alidhani anataniwa. Akamnong'oneza kwamba mtu wao ni yule wa juu kwenye karatasi.

"Namjua tangu anavaa kaptula. Mwizi yule. Weka, tusicheleweshe watu."

Akaweka. Kisha akapewa karatasi yake mwenyewe, na hiyo akampigia wa mlimani, maana mume wake alikuwa wakala wa chama hicho palepale kituoni, na yeye analala na mume, halali na mgombea.

Jioni kura zilihesabiwa hadharani. Msimamizi alikuwa akiinua karatasi mojamoja na kuisoma kwa sauti. Mlimani. Mlimani. Mlimani. Karatasi mia nne na kitu, na kila moja na makofi yake. Halafu akasoma: bondeni. Makofi yakakatika. Jamani, hakuna hata aliyeuliza. Vichwa vyote viligeuka kumtazama mwanamke mmoja aliyesimama dirishani, na mume wake, kalamu mkononi, ndiye aliyegeuka wa mwisho.

Asubuhi wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomtoa jasho. Mke wa muuza mkaa alichukua gauni ambalo lilikuwa limebaki kutiwa mikono tu. Mwalimu alisema sare za wanawe atazishonesha mjini. Jirani wa ukuta mmoja, ambaye mtoto wake wa kwanza alipokewa na mikono ya Fundi, alichukua suruali ya mumewe ikiwa bado na pini, akaondoka bila kumtazama usoni. Kufika saa nne meza ilikuwa tupu. Redio ikatangaza kwamba bondeni wameshinda nchi nzima kwa kura kiduchu, na ng'ambo ya barabara mtu akafunga duka lake kwa kishindo.

Fundi alijipa moyo kwamba mama mkwe atasema. Mtaa mzima ulikuwa ukimheshimu yule bibi. Akisema ni yeye, watacheka, watasema ni uzee, yataisha. Fundi mwenyewe ameapa, na hata asingeapa, nani angemwamini?

Saa sita mume akaingia. Hakukaa. Alisema vijana wa chama wanataka mtu wa bondeni awe ametoka mtaani kabla jua halijazama. Anaweza kuwazuia, akasema, akiwa na hakika na mkewe. Ila kwanza aambiwe ukweli.

"Ni wewe?"

"Siyo mimi. Nilimpigia mtu wenu."

"Basi nani?"

Fundi akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa kitini pake karibu na mlango. "Mama," akasema, "sema wewe."

Nje wanaume walikuwa wanapita wakipayuka, na bibi akageuza sikio kuwafuata mpaka wakaishia kwenye kona. Ndipo alipoanza kulia, machozi ya kweli kabisa.

"Mimi nilimwambia aniwekee mtu wetu," akasema. "Sasa mwanangu, mimi naona nini? Mkono ulikuwa wake."

Loo! Ni yeye Fundi aliyemwogesha bibi huyu, akamlisha, akamkata kucha. Alitafuta hasira asiipate.

"Umeiba kura ya mama yangu," mume akasema, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Akaingia chumbani, akatoka papo hapo na begi la mke wake, akaliweka miguuni pake. Fundi aliliinua, likawa zito. Nguo zake zote zilikuwa humo, zimekunjwa vizuri, na zipu imeshafungwa. Mume alikuwa amezipanga tangu alfajiri, kabla hajamuuliza.