Kola Iliyokatwa Juu ya Chaki

Daktari alisema, "Asishtuliwe." Hakusema adanganywe. Hilo la kudanganya waliliongeza wenyewe, Kifungo na shangazi yake, wamesimama kwenye korido ya hospitali wakijiona wana akili kweli kweli.

Mama alianguka siku ileile baba alipoiangukia meza ya kukatia nguo akafa, mkasi ungali mkononi. Watu walidhani mshipa wa moyo wa mama umeziba. Vipimo vikaonyesha mishipa mizima; ila msuli wa moyo wenyewe ulikuwa umelegea kwa mshtuko, ncha yake imetuna, hausukumi damu sawasawa. Wengi hupona, daktari alisema, lakini kwa sasa maji yangeweza kujaa mapafuni, au damu ikaganda ndani ya moyo na kukimbilia kichwani. Kifungo alisikia hayo ya mwisho tu.

Walidhani mama alimwona baba akianguka tu, hajui kuwa amekufa. Basi wakamzika kimyakimya, na kila jioni Kifungo akajikaza kisabuni, akaenda wodini na maneno matamu. Baba hajambo. Baba ana mafua, wamemkataza kuingia. Baba anakusalimu sana. Mama aliitikia, "Haya," akageukia ukuta.

Hiyo "haya" ndiyo iliyomtia wasiwasi, akaona atafute ushahidi. Miaka yote, dukani kwao, baba alikata nguo, mama akashona. Kifungo, aliyepewa jina hilo na baba siku alipomeza kifungo cha shati la mteja, akachukua kitambaa cha bluu kilichobaki dukani, akachora kola kwa chaki, akaikata mwenyewe, ulimi nje.

"Mama, baba amekukatia hii. Anasema upone uje uishone."

Mama akaipitisha vidoleni taratibu.

"Umekata juu ya chaki, mwanangu. Baba yako daima aliniachia upana wa kidole nje ya mstari. Alijua nikikosa pa kushonea nitamsema mpaka jioni."

Kifungo akataka kuichukua kola, mama hakuiachia.

"Nilimshika mkono pale mezani," mama akasema. "Ukapoa nimeushika. Ulidhani mimi niliangushwa na nini?"

"Ulijua? Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa unakuja umejipaka poda kuficha macho. Nikasema, huyu naye akivunjika, nitabaki na nani?" Akaikunja kola. "Mmemlaza wapi?"

"Makaburini, karibu na ukuta. Mama, nisamehe. Daktari alisema..."

"Mmemzika, mimi niko hapa naambiwa ana mafua." Sauti ikamkatika. "Mume wangu sijamlilia, Kifungo. Hata chozi moja. Nilikuhofia wewe, nawe ukanihofia mimi."

Akaikumbatia ile kola, akalia kilio cha kutoka tumboni, wodi nzima ikageuka. Kifungo akakodolea macho mtambo wa moyo, mstari wa kijani unapanda na kushuka mbiombio. Akanyanyuka amwite nesi.

Mama akamkamata mkono.

"Usiutazame mtambo. Nitazame mimi. Kaa, tumlilie baba yako."

Kifungo akakaa.