Pluton Mezani kwa Papa Godefroid

Chancelvie alikuwa amemwonya mchumba wake mapema: baba akiuliza habari za sayari, sema ni tisa, kula bukari, urudi zako Kipushi. Israël aliahidi.

Shida ni kwamba Israël alikuwa mwalimu wa jiografia. Papa Godefroid naye alifundisha sayari tisa kwa miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, na kila mgeni aliyeketi mezani kwake pale Lubumbashi aliombwa azitaje. Israël alizitaja vizuri mpaka Neptune, akaishia hapo.

"Na Pluton?" mzee akauliza.

Israël alieleza kwa upole kwamba mwaka 2006 wataalamu wa nyota walipiga kura, na tangu hapo Pluton ni sayari kibete. Chancelvie akafumba macho. Baba yake, ambaye hata akivaa viatu vya misa alimfikia mkewe begani, aliacha kutafuna.

"Muntu mufupi haiko muntu?"

"Iko muntu, Papa."

"Basi."

Mwingine angekomea hapo. Israël alisema ufupi si kosa la Pluton. Sayari hudaiwa mambo matatu: izunguke jua, uzito wake uifanye mviringo, na iwe imesafisha njia yake, visibaki vitu vimezagaa humo. Pluton ilifaulu mawili tu.

Mama Honorine, ambaye sayari hazikuwahi kumnyima usingizi, aliomba arudiwe lile la tatu. Akasikiliza, akatazama korido, ambako viatu vya mumewe, redio aliyoifumua tangu Pasaka na marundo ya magazeti viliwalazimu watu kupita ubavu.

"Baba Chancelvie," alisema, "unazungukaka hii nyumba muzuri. Mviringo, uko. Lakini njia, haujafagia. Njo kusema hata weye hauko planète."

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka tumbo la mzee lilipoanza kutikisika lenyewe. Alicheka hadi akapaliwa, Israël akampigapiga mgongoni.

Lakini mzee hakukubali. Alisema hao waliopiga kura hawajasahihisha daftari hata moja la mtoto. Israël arudi Jumapili na kitabu kinachosema hivyo, mzee akisome mwenyewe. Akanawa mikono, akaongeza kwamba aje na wajomba zake pia.

Chancelvie akainama kukusanya sahani ili wasimwone uso. Kwa habari ya Pluton, wajomba hawahitajiki.