Ametoka Kuumikwa

Mume wangu Dehou aliamka akilalamikia mgongo, katikati ya mabega, na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Mama yake hakumaliza hata uji wake wa mtama. Alishaleta zile chupa tupu za mapichi ya kusindikwa, zenye midomo mipana, anazozitunza kwa kuumika, maana kwa mama mkwe wangu kila kitu kinaumikwa: kikohozi, goti, hata huzuni.

"Ni baridi imemwingia. Lala kifudifudi, mwanangu."

Dehou akajilaza kwenye kitanda chetu cha matofali, chenye moto chini yake. Mama akawasha karatasi, akaitumbukiza ndani ya chupa, akaibandika chupa mgongoni upesi, kisha nyingine na nyingine. Ngozi ikatuna ndani ya kioo. Alipozibandua zote, mgongo ulikuwa na miviringo myeusi kama bilinganya.

"Umeona?" alinigeukia, amefurahi kwelikweli. "Baridi yote hiyo! Na wewe ulitaka wakamdunge masindano."

Lakini Dehou alikuwa akitokwa jasho, midomo imempauka. Nikamwita jirani yetu Luan, akaja na bajaji yake, akaiacha ikinguruma nje. Hospitali haiko mbali.

Mama akasimama mlangoni, kaitanua mikono.

"Ametoka kuumikwa sasa hivi! Vinyweleo vyote viko wazi, umtoe kwenye theluji? Upepo ukimwingia haponi tena."

"Mama, huo ni moyo!"

"Tangu lini umekuwa daktari? Huyu nimemzaa mimi."

Luan akajikuna kichwa. "Mama anasema kweli, shemeji. Tusubiri kidogo, mwili ujifunge."

Nikamtazama Dehou. Angesema neno moja tu, ningemburuta mwenyewe.

"Msikilize Mama," alisema. "Nasikia nafuu."

Mwongo. Hajawahi kumbishia mama yake, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo. Nilimpenda, na hapo hapo nikamchukia.

Mama akamfunika mablanketi, akamnywesha maji ya tangawizi. Yakamtoka pembeni mwa mdomo. Nikapiga kelele. Luan akamshika miguu, mimi mabega, hatukumwomba mtu ruhusa tena.

Alikata roho kabla hatujamfikisha kwenye bajaji. Nilijua kwa uzito wake, na Luan naye alijua, akasimama.

Mama akatukimbilia kwenye theluji bila viatu, amekumbatia blanketi. "Mfunikeni mgongo, nyie! Upepo utamwingia!"

Nilitaka kumpiga. Nikampisha amfunike.