Msiba wa Mbari Nzima

Bajaji ilikuwa imeshateremka nusu ya mlima wa Kawetele, begi la Hasina limefungwa kwa kamba nyuma, mvua inapiga turubai, ndipo jirani yake Mama Tusekile alipojitupa katikati ya njia na jani la mgomba kichwani. Ackson, dereva, akakanyaga breki mpaka bajaji ikakaa upande.

"Unataka kufa, bibi?"

"Nataka kujua huyu anakwenda wapi na begi."

Hasina angeweza kusema anafuata mzigo Mbeya. Anauza vitenge soko la Tukuyu, na safari zake zimezoeleka. Lakini usiku hakulala, akili imechoka, akasema kweli.

"Nakwenda Kigali, mama. Kaka yangu Rahim ameonekana. Watu walikuwa wanachimba msingi wa nyumba wakamkuta, na wenzake. Jumamosi wanawazika."

Kosa lilianzia hapo. Mama Tusekile aliweka mikono kichwani akapiga ukunga, na milango ikaanza kufunguka huku na huku. Kwa watu wa Rungwe, aliyefiwa haondoki peke yake kama muuza parachichi. Anakaa chini kwanza, watu wanamjia, wanalia naye, ndipo anaondoka na wasindikizaji. Hasina alilijua hilo. Alishakalia misiba yao yote tangu afike akiwa msichana. Wake hakuna aliyewahi kuukalia, kwa sababu hakuwahi kusema anao. Walimjua kuwa Mwaha wa Kigoma, na yeye aliwaacha waamini hivyo.

Begi likarudi ndani. Mkeka ukatandikwa. Ndizi zikaja na maharage na sufuria kubwa za kanisani, ingawa mfiwa ni Mwislamu. Wanaume wakawasha moto barazani. Hasina alijiambia, nitakaa leo, kesho Alhamisi nitapanda basi, Jumamosi nitakuwa kaburini.

Tatizo, kila kundi lililoingia lilitaka kusimuliwa. Ndivyo pole inavyotolewa huku.

"Marehemu alianzaje kuumwa?"

"Hakuumwa. Ilikuwa vita."

Mzee Meshaki, aliyepigana Uganda, akasogeza kigoda. "Alikuwa kikosi gani?"

"Hakuwa na kikosi, baba. Alikuwa anauza maandazi."

"Basi hiyo si vita, mwanangu. Vitani na wewe unakuwa na bunduki."

Kwa kundi lililofuata akasema machafuko. Beatrice wa mgahawani akatikisa kichwa. "Machafuko hata hapa sokoni yapo, siku wanapowahamisha wamachinga. Watu wanapoteza viatu."

Mrisho fundi cherehani, ambaye ukoo wake ulitoka pwani, alikuwa mlangoni anasikiliza. "Dada Hasina, sema neno lake. Redioni wanaita mauaji ya kimbari."

"Kimbari ndiyo nini?" akauliza Mzee Abrahamu.

"Mbari ni ukoo, watu wa uzao mmoja. Wengine husema mauaji ya halaiki. Lakini halaiki ni umati tu, yeyote aliyekuwepo. Kimbari maana yake wamekufuata wewe kwa sababu ya waliokuzaa."

Macho yote yakaja kwa Hasina, naye akaona afadhali aseme yaishe, wamwache aende.

"Wakati ule sisi hatukuwa na neno. Wauaji ndio waliokuwa nalo. Kuua waliita kazi. Asubuhi wanaitana majirani, haya, twende kazini. La kwetu lilikuja baadaye, itsembabwoko. Gutsemba ni kufuta kabisa, usibakize hata mmoja. Ubwoko zamani ulikuwa ukoo, kama hiyo mbari, halafu ukawa kile kilichoandikwa kwenye kitambulisho chako, wanakisoma njiani wanakuua. Siku hizi wanasema jenoside, la Wazungu. Nalo si la zamani. Lilitungwa na mtu aliyekimbia kwao, nyuma ndugu zake wakauawa. Alichukua neno la Kigiriki la uzao, akaliunga na la Kilatini la kuua. Nilisikia redioni. Nikazima, nikawasha tena."

"Mbari nzima?" Mama Tusekile akauliza polepole.

"Nzima. Baba, mama, wadogo zangu, mashangazi."

"Akabaki nani?"

"Mimi."

Abrahamu akavuta koti lake. "Peke yako? Mwe! Huku kwetu mtu akibaki peke yake, watu wanauliza alikuwa anakula nini."

Mmoja akacheka, akajikatiza.

"Funga huo mdomo, Abrahamu, kabla sijaufunga kwa mwiko!" Mama Tusekile akamwinamia Hasina, akashusha sauti. "Umesikia? Huyu kapayuka uchawi, wengine wanauwaza kimya. Ukiondoka kesho watasema umekimbia msiba. Tena sasa si wa kaka tu. Kila mmoja ataliliwa kwa jina lake."

"Mama, Jumamosi wanamzika!"

"Kuzika watazika. Hao wengine nani aliwahi kuwalilia?"

Hasina alitazama mlango. Wanawake walikuwa wamekaa goti kwa goti mpaka kizingitini, na begi lake amelikalia mtu. Angeshikilia lile neno machafuko, kesho angeondoka.

Alhamisi wakamlilia baba. Basi la Mbeya lilipiga honi kule chini kwenye lami, likapita. Ijumaa wakamlilia mama na wadogo, wakakosea majina, naye akawasahihisha, na sauti ikamtoka ambayo hakujua anayo. Bado alikuwa anahesabu mabasi.

Rahim alizikwa Jumamosi hiyo pamoja na wenzake wa shimo lile. Hasina alisikiliza kwa simu ya jirani wa zamani wa Kigali, mpaka mtandao ulipokatika. Msiba ulivunjwa Jumatatu. Abrahamu alitoa mbuzi, hakuomba radhi kwa maneno, na mwaka uliofuata presha ikamchukua. Meshaki yupo. Ackson aliuza bajaji, sasa analima chai Ikuti. Mrisho alihamishia cherehani yake Makambako. Mama Tusekile haoni tena, hushikwa mkono kwenda kanisani. Hakuna anayemwita Hasina Mwaha. Anauza vitenge palepale. Kigali hajafika.