Mtunza Mashine ya Vyombo

Mwaka 1957 nilikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja pale Iringa, ilipoletwa mashine ya kuoshea vyombo. Memsabu, mke wa Mzungu huyo, alimwambia Jailos, aliyekuwa akiosha vyombo kwa mikono, kwamba mwisho wa mwezi arudi kwao Mbeya.

Siku ya nne sahani zilitoka na punje za wali. Memsabu akasema mashine imekufa. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa bado hakijafunguliwa. Kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikuwa na miaka mitatu ya shule ya usiku, tukisoma kwa mwanga wa koroboi.

“Soma basi, mwalimu wa koroboi,” Jailos alininong’oneza. “Leo tuone faida yake.”

Nilisoma kwa sauti, nikimtafsiria Jailos. Mabaki yakwanguliwe kwanza. Chujio la chini litolewe na kusuguliwa kila siku. Matundu ya maji yazibuliwe. Mpira wa mlango ufutwe.

“Nani atafanya yote hayo?” Memsabu aliuliza.

“Kitabu hakisemi, Memsabu.” Nikamtazama Jailos. Memsabu naye akamtazama.

Jailos alilitoa chujio. Lilikuwa na wali wa kumshibisha mtoto. Alilisugua, akaiwasha mashine tena, na sahani zikatoka safi.

Hakurudi Mbeya. Alipewa aproni mpya na kuitwa mtunza mashine. Jioni hiyo nilimpa kikombe changu cha chai akioshe, kama siku zote.

“Samahani, kaka,” alisema. “Hiyo si kazi yangu tena.”