Kitanda cha Tatu

Ugonjwa wa tumbo ulikuwa unaruka vitanda, na mimi sikuelewa unachaguaje. Ulianza kwa mzee Ryoba, kitanda cha nne. Kesho yake ukamwangusha Alfonce kule dirishani, kitanda cha tisa, halafu ukarudi cha pili. Wote wanatapika, wote wanaharisha. Daktari alisema ni virusi. Sawa, lakini virusi gani vinajua kuruka mtu?

Nilikuwa nimetoka Bunda kumuuguza mume wangu Magesa, aliyevunjika paja. Wodi ile ya wanaume ilikuwa na wagonjwa wengi wasio na ndugu hapa Musoma, na mimi siwezi kumwona mtu ana njaa nikakaa. Nikipika uji wa Magesa, naongeza. Nawalisha, nawafuta midomo, nawabadilishia shuka. Sabuni ilikuwa imepotea madukani mwaka ule, basi nasuuza mikono kwa maji, naendelea.

Masatu wa kitanda cha tatu peke yake sikumgusa. Siku ya kwanza tu aliuita uji wangu maji ya kuoshea sufuria. Nikamwambia ajilishe kwa huo mkono wake mmoja usiovunjika. Na ndiye huyo aliyebaki mzima, katikati ya cha pili na cha nne!

Siku Magesa alipoanza kutapika, akili iliniruka. Nikasimama mbele ya Masatu, wodi nzima inasikia.

"Wewe ndiye unawaroga! Mbona wewe hauuguagi?"

Nesi Hyasinta akanishika bega.

"Mama Wankyo, huyu nani anamlishaga?"

"Anajilishaga mwenyewe."

"Na Ryoba? Na Alfonce?"

Nikaanza kuhesabu vitanda. Cha nne, cha tisa, cha pili. Kote huko nilipita mimi, na bakuli langu.

Hyasinta aliniletea majivu ya jikoni kabla hajaitwa kwa Ryoba. Nilisugua mikono mpaka ngozi ikawaka, na bado sikuiamini. Magesa alikuwa anaomba maji, macho yameingia ndani. Niliogopa kushika kikombe.

Nikarudi kitanda cha tatu, aibu imenijaa.

"Kaka Masatu, nisamehe. Naomba umnyweshe mume wangu."

Akashuka kitandani, akanyoosha mkono wake mmoja juu ya beseni, akasubiri nimnawishe. Nikammiminia maji kwa mbali, nisimguse, huku nalia.

"Ila uji wako ni maji tu," alisema, akachukua kikombe chake mwenyewe, akaenda kwa Magesa.